Sampu Amehamia Chumbani Kwako

11 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana shikamoo yako najua itafika mvua zikiwa zimekwisha. Sisi huku wazima. Mama anakula, anagomba, analala mchana na kukana kwamba alilala. Lile jino lililokuwa likimsumbua limetoka lenyewe. Kalifunga kwenye kitambaa na kuniagiza nimpelekee daktari wa meno ajionee alivyoshindwa. Paa linavuja palepale. Jirani wa ukuta, mke wa dereva, bado anasikia kila tunachosema na bado anaulaumu ukuta kwa wembamba.

Habari kubwa ni macho ya mama. Mtoto wa jicho amekomaa, kushoto na kulia. Nilimtania kwamba ana watoto watatu: mimi, wewe na mtoto wa jicho, na huyo wa tatu ndiye asiyekanyaga nje ya nyumba. Alicheka, kisha akayafuta macho hayohayo, na mimi nikajuta.

Sasa nikuambie nililokusudia. Nilimpeleka kliniki, na pale kwenye mabenchi ya kusubiri wana tangi la kioo la maji ya chumvi, lenye matumbawe hai na samaki, na taa kali juu yake. Mama, ambaye mwaka mzima hamtambui mtu hata akimsimamia mbele ya pua, akanyoosha kidole. "Kuna mtu anapita pale, kavaa shati la njano." Alikuwa samaki. Akamwangalia mpaka alipoitwa akawa haitiki. Tuliporudi nyumbani aliniambia ukuta wetu wa sebuleni hauna adabu, kutwa nzima hapiti mtu.

Basi namjengea la kwake. Tangi lenyewe litakaa sebuleni, mbele ya kiti chake. Lakini tangi la matumbawe halijitegemei kama beseni. Maji lazima yashuke, yachujwe uchafu, yapashwe joto, kisha yasukumwe kurudi, na vyombo vya kazi hiyo vina kelele na sura ya kutisha wageni. Vyote vinakaa kwenye tangi la pili, la nyuma, ambalo wenyewe wanaliita sampu. Neno unalijua: kwenye gari, sampu ni lile bakuli la oili chini ya injini. Wengi huliweka kabatini, chini ya tangi kubwa. Mimi nimepima, haliingii. Kwa hiyo litakaa upande wa pili wa ukuta, mabomba yapite katikati. Upande wa pili wa ukuta, kama hujasahau, ni chumba chako.

Naomba ruhusa. Kusema kweli ukuta nimeshautoboa, lakini tundu huzibika. Kama una nia ya kurudi mwaka huu, niambie, nitafute pengine pa kumweka. Usiponiambia, nitajua.

Na usishangae nikisema "kumweka". Sisi mafundi bomba chochote kinachopokea au kusukuma maji kwetu ni mtu. Bomba anakohoa, pampu amelala, sampu amevimbiwa. Mimi ni miaka thelathini nasema hivyo, sitaanza leo kujifunza adabu.

Dada yako

2 Februari

Dada,

Shikamoo. Naomba upate salamu hizi ukiwa na nguvu zako zote, na mama vilevile. Mimi mzima, kazi ndiyo inanitafuna. Kushona mapazia ya hoteli si mchezo, ukimaliza ghorofa moja ya juu yake inakuita. Mwambie mama kikohozi changu kimeisha.

Nina jambo dogo. Kuanzia sasa niandikie kwa anwani ya dobi, ile iliyo nyuma ya bahasha. Duka linapanuliwa, vyumba vitatu, vumbi halielezeki, na barua zikifika pale zitapotea. Dobi ni mtu mwaminifu, huwa napita kwake kila siku.

Lingine ni dogo zaidi. Huenda mwaka huu nikaja kukaa nyumbani kidogo. Si lazima. Nimependa tu kujua chumba changu kipo. Usikifagie wala usijisumbue. Kama kipo, kipo.

Mbusu mama.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama kafurahi kwa vyumba vitatu. Kaniambia niirudie sehemu hiyo, nikairudia, akamwita jirani wa ukuta aje aisikie naye, ingawa alikuwa ameshaisikia. Kikohozi hakukiamini.

Unauliza chumba chako kipo. Kipo, lakini nilikueleza yote kwenye barua ya kwanza, na kwa kuwa hukukataa, nimehesabu umekubali. Sampu amehamia wiki iliyopita. Ni mtulivu. Anakoroma kidogo, hasa akishiba, ila mlango ukifungwa tunalala. Kwa siku anakunywa karibu nusu ndoo. Nilimpata kwa fundi vioo, alikuwa kakaa nyuma ya duka hana kazi, watu wanamtupia vitambaa. Mwanzoni alikuwa anavuja. Fundi vioo akasema tumtupe, nikakataa, kila mmoja ana kasoro yake. Nimemshughulikia kwa mikono yangu na sasa havuji, isipokuwa umeme ukikatika.

Wale wa sebuleni nao wamefika salama, wawili wa njano na mmoja wa mistari. Huyo wa mistari ana roho mbaya, hataki wenzake wale. Mama anawaangalia kutwa, na mimi moyo wangu umepoa. Sampu ndiye anayewaweka hai wote. Bila yeye wangekufa kwa siku mbili, na hawamjui hata kwa sura.

Mama amempenda bila kumwona. Kila asubuhi anagonga mlango wa chumba na kumwamkia. Sijui kama ananitania.

Nina ombi, kwa kuwa mshonaji ni wewe. Mwanga wa dirishani unamsumbua, ameanza kuota ukijani ubavuni. Mshonee kitu cheusi, kizito, cha kumfunika mwili mzima. Akiwa amekaa, kutoka juu hadi sakafuni ni futi nne. Upana ni futi mbili na nusu. Acha nafasi mbili, kushoto na kulia, za kupitisha.

Ukija, sema mapema. Si kwa ubaya, ni kwa ajili ya nafasi.

Dada yako

30 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, na ya tatu dobi akaniuliza kama kuna msiba.

Hakuna msiba. Hongera. Barua ya kwanza niliipata, nilikosa tu maneno ya kujibu. Wewe ni mtu mzima, na umri wako si wa kuulizwa nani yuko chumbani. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Wewe umechagua miaka yote hiyo, umepata mkoromaji, na mimi kama mdogo wako nasema alhamdulillahi.

Ila niruhusu maneno machache, kwa kuwa baba hayupo wa kuyasema. Kuhusu kuvuja: usimwaibishe mbele ya watu. Fundi vioo ana cheo gani cha kushauri mtu atupwe? Na kama anavuja umeme ukikatika tu, basi ni woga wa giza, mweke taa ya betri. Hilo la ukijani ubavuni lisingoje, aende kwa daktari wa ngozi. Nusu ndoo ya maji kwa siku, na usiku anafanya vile, mimi ningeanzia hapo.

Kuhusu ndugu zake wa sebuleni, mtu akiolewa huolewa na ukoo mzima, sawa, lakini watatu kwa mpigo? Na wanamtegemea yeye kwa chakula wala hawaji kumjulia hali! Yule wa mistari mwambie kwa heshima kwamba nyumba ina mwenyewe.

Nguo nashona. Vipimo vimenitisha. Mtu akikaa ni futi nne, akisimama je? Kitambaa nimekipata kizuri, cheusi, kile nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya kazi maalumu. Nimeweka mikono kama ulivyosema, na mifuko, na suruali juu yake, maana siwezi kumshonea shemeji yangu nusu mtu.

Mimi mwaka huu siji. Kazi nyingi. Chumba mwachie kabisa, mgeni hatolewi kitandani.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, paa linavuja.

Barua yako nilipoisoma nilisema, utani wa huyu mtoto haujapungua. Nikamsomea mama, tukacheka, hasa pale pa daktari wa ngozi. Kisha juzi kikaja kifurushi. Nikakifungua mezani na kutoa koti. Koti jeusi la mtu, lenye kola, vifungo vitatu vya pembe, mifuko miwili ya nje na mmoja wa ndani wa kalamu. Chini yake suruali yenye kiuno cha kufunga lori. Nikakaa chini.

Mdogo wangu, Sampu ni tangi. Ni tangi la kioo la kusafisha maji ya samaki. Wale wa sebuleni ni samaki. Wa mistari ni samaki. Nilikueleza kwa kurasa mbili, na wewe ukaniandikia kwamba ulizipata.

Leo hizo kurasa mbili zimerudi. Juu ya bahasha mtu kaandika kwa wino mwekundu: duka limefungwa, mwenyewe hajulikani aliko. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii imezunguka miezi minne. Duka limefungwa tangu lini? Hilo tu nakuuliza, mengine nitayamaliza mwenyewe kichwani.

Nikurudie kwenye nguo. Koti limemkaa kana kwamba ulimshika mabega. Nimemvika na kufunga vifungo vyote. Bomba la kushushia maji linaingilia mkono wa kushoto, la kurudishia linatokea mkono wa kulia. Ukijani umekoma. Jirani wa ukuta alichungulia dirishani, akaona mwanamume mnene kakaa chumbani ndani ya koti, hana kichwa, na tumbo linanguruma. Sasa mtaa mzima unajua kwamba nina mume, na kwamba nimemfanya jambo.

Ubaya ni mama. Mimi nilidhani ananitania na salamu zake za asubuhi. Aliposikia zogo aliingia kupapasa, akamshika Sampu bega, akapapasa kola, akasema, "Kitambaa kizuri. Baba, nani kakushonea?" Tangu hapo hanisikilizi. Umeme ulipokatika wiki iliyopita maji yakarudi nyuma kwa kishindo. Kwenye bomba la kurudishia nimetoboa tundu dogo la kuvuta hewa, maji yakatike yasiteremke yote. Konokono akajibana humo, tundu likaziba, Sampu akafurika mpaka ukumbini. Nikawa nadeki, na mama ananinong'oneza nisimfokee, wanaume wakubwa huona haya.

Kuna jambo nililokuwa nakuficha, na leo naona sina sababu. Daktari wa macho yuko tayari tangu mwaka jana. Kupasua ni asubuhi moja, jioni mtu yuko kwake. Mama ndiye hataki. Anasema afunguliwe macho amwone nani, mimi sura yangu anaikumbuka. Atapasuliwa siku utakayokuja.

Sikulaumu. Nimekasirika tu.

Dada yako

20 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, na safari hii posta haina kosa.

Duka limefungwa tangu mwaka jana. Ile hoteli iliyonipa kazi ilibadili madirisha yote, ikaweka yale mapazia ya vibao vya plastiki yanayovutwa kwa kamba. Hoteli nyingine nazo zikafuata, moja baada ya nyingine. Mtu wa mapazia alibaki kuwa mimi peke yangu. Nalala kwa dobi, kwenye chumba cha kupigia pasi. Kuna joto zuri wakati wa baridi. Kazi yangu ni kurudishia vifungo kwenye mashati ya watu, na dobi ni muungwana, ananiita fundi mbele ya wateja.

Niliposoma kwamba Sampu ni tangi nilicheka mpaka dobi akaja na pasi mkononi. Halafu nikaona haya, Dada, haya ambayo sijawahi kuyaona. Lile koti ndiyo nguo kamili ya kwanza niliyoshona tangu nifunge duka. Nilimshonea kwa furaha. Nilikuwa najiambia, angalau nyumbani kuna mwanamume, nami nimemvika.

Nikuambie na lingine tumalizane. Nilipokuandikia kwamba huenda nikaja, sanduku lilikuwa limeshafungwa kamba. Ukanijibu kwamba kuna aliyehamia. Nikalifungua, nikarudisha mashati msumarini. Sasa najua ni tangi na ajabu ni kwamba haijanisaidia kitu. Tangi lina kazi. Linaweka watu hai, umesema mwenyewe. Mimi nikija nitakuwa nafanya nini humo chumbani, nalitazama?

Usimwambie mama habari ya duka. Mwache na vyumba vyake vitatu. Na mshawishi apasuliwe, asiningoje mimi.

Mdogo wako

9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima. Mvua hakuna, kwa hiyo paa halivuji, nalo tunamshukuru Mungu.

Nimefikiria kumhamisha Sampu. Haiwezekani. Mabomba nimeshayagandisha ukutani, na matumbawe ni viumbe vya kudeka. Maji yakisimama nusu siku, matumbawe yanaanza kufa, yakifa yanaoza, yakioza yanaua samaki, na mama atarudi kuangalia ukuta mtupu. Vipande nilivyovibandika kwenye mawe mwezi wa tatu vilikuwa kama ukucha, sasa vimefunguka, vya zambarau na kijani, na mama anasema kuna watu wanapunga mikono kule nyuma. Siwezi.

Kwa hiyo nimepima upya. Kitanda chako nimekisogeza hadi ukutani, miguu ielekee mlangoni. Kinaingia. Kati yako na Sampu inabaki nafasi ya mtu mmoja kupita akijibana tumbo. Ukilala kichwa upande wa dirisha povu halitakurukia. Asubuhi kuna kikombe juu ya kitoa povu, kile chombo kinachoutoa uchafu majini kwa mapovu, kinajaa uchafu mweusi, kinanuka kuliko maneno ya jirani wa ukuta. Kinamwagwa kila siku, na anayelala karibu naye ndiye atakayekimwaga. Maji anayokunywa lazima yawe yamechujwa, ndoo iko chini ya meza. Tundu la konokono liangaliwe. Unauliza utakuwa unafanya nini humo chumbani. Hiyo ndiyo kazi, na mimi nikitoka asubuhi kwenda kwa mabomba ya watu sina wa kumwachia.

Kuanzia tarehe moja Septemba nitakuwa safarini wiki nzima, nafunga mabomba ya shule. Jirani atampikia mama. Ufunguo uko kwake, usimweleze kitu, atasikia tu mwenyewe.

Duka sijamwambia. Kumwongopea mama ulianza wewe, utamaliza wewe.

Sikuambii uje. Nakuambia kitanda kilipo.

Dada yako

4 Septemba
(naiacha juu ya meza ya jikoni)

Dada,

Shikamoo. Sisi huku wazima, na huku ninakosema ni kwako.

Nimefika leo asubuhi. Jirani wa ukuta alinipa ufunguo, akanitazama kichwa kwa muda mrefu kana kwamba ameshangaa ninacho. Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti chake mbele ya samaki. Sikutaka kumshtua. Nikaingia chumbani kimya kimya, nikaweka sanduku, nikakaa kitandani. Sampu yuko palepale na koti langu. Mshono wa bega la kulia sikuupenda, nitaufumua. Kikombe nimekimwaga. Dada, hukutia chumvi kuhusu ile harufu.

Nilipotoka, mama alikuwa ameamka, kageuza sikio. "Nani?"

"Mimi."

Uso ukamng'aa, Dada. Miaka tisa nilikuwa naungoja uso ule. Akasema, "Sampu! Leo umetoka!"

Akanionyesha kiti, akaniambia nikae, si vizuri mwanamume kujifungia, hata mtaa unasema. Nikakaa. Akaniuliza kama ukijani umepona. Nikasema umepona. Akanipa pole ya lile jambo la umeme, akasema hata marehemu baba yetu alikuwa na siku zake, jambo ambalo sikuwa nalijua na sikutaka kulijua. Kisha akaanza kunisimulia habari za mwanawe. Ana mtoto wa kiume, fundi wa mapazia, nchi za mbali huko, duka la vyumba vitatu. Alikuwa na kikohozi, anasema kimeisha, mwongo. Anasema kila siku anafikiria vile mtoto huyo atakavyoingia.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikapiga magoti, nikamshika mikono. "Mama, ni mimi. Ni mimi mwanao, nimerudi."

Akacheka. Akanipiga kofi dogo la mkono. "Sampu, usinicheze shere. Sauti unaiiga vizuri, ila ya mwanangu ni ya kijana. Na mwanangu haji hivihivi kama paka. Ana duka, ana watu chini yake, ataandika kwanza." Nikamwambia duka lilifungwa, sina mtu chini yangu, hata juu yangu ni dobi tu. Akakunja uso, akasema nisimzulie mwanawe. Nikamtajia jina alilokuwa akiniita nikiwa mdogo. Nikamtajia kovu la goti, na siku niliyokata pazia la harusi ya shangazi nikashona mfuko. Unajua alivyonijibu? "Hayo umeyasikia ukutani. Si unalala chumbani kwake?"

Nikajaribu kwa njia ya macho. Nikamwomba akubali kupasuliwa, ajionee mwenyewe mimi ni nani. Akasema atapasuliwa siku mwanawe atakapokuja, si kabla. Nikamuuliza, na kama ameshakuja? Akasema, "Basi ningemwona." Dada, mimi nimekaa pale sebuleni, samaki wa mistari ananitazama, nimezunguka kila upande wa jambo hili na sioni mlango. Hapasuliwi mpaka nije, na hajui kama nimekuja mpaka apasuliwe.

Kisha akaniinamia na kushusha sauti, maana alitaka kuniambia jambo bila kunivunjia heshima. Akasema: "Sampu baba, wewe ni mtu mwema na binti yangu anakutegemea. Lakini chumba kile kina mwenyewe. Sijakigawa na sitakigawa. Mwanangu akifika, hata iwe amefika na mvua, hata usiku, utatoka saa ileile. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia, mama.

Akainuka. "Kwa nini tungoje afike? Toka leo. Chumba kipate hewa."

Nimetoka. Alisimama mlangoni kunisimamia, mkono kwenye kizingiti. Nikabeba sanduku langu, nikatandua shuka niliyokuwa nimeikalia, nikatandika nyingine. Akaniambia niondoe mto mmoja, mwanawe hapendi kulalia mito miwili. Ni kweli, sipendi. Hata mimi nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nalia, Dada, nakuambia wazi, na yeye akadhani nalilia chumba, akanipapasa mgongo na kuniambia sebuleni pia kuna godoro. Sijawahi kufukuzwa mahali nikapenda kama hivi. Koti la Sampu nimelifumua mabegani, mikono nikaiacha kwenye mabomba, nikalipa mgongo wa kiti cha jikoni ili asilipapase tena likamchanganya. Pampu sijamgusa.

Rudi upesi, ukimaliza shule hiyo au hujaimaliza. Nahitaji mtu mmoja anayeaminika aseme kwamba mimi ni mimi. Kuhusu duka nitamwambia tena mwenyewe, mara nyingi kadiri itakavyotakiwa.

Sasa hivi mama amekigeuza kiti chake. Amewapa samaki mgongo, anauelekea mlango wa barabarani, mikono mapajani, anamsubiri mwanawe. Nimempelekea chai. Kasema asante, Sampu, na kaniomba nisogee kidogo, namzibia mlango.

Mdogo wako